Saa ya Kwanza ni ya Jirani

Hotuba iliyosomwa mbele ya wanajumuiya wa Nyakiriba, siku ya ukumbusho wa Jumuiya

 

 

Nimeombwa niseme machache juu ya mambo ya afya, na najua wapo wanaojiuliza sheikh ana nini la kusema juu ya utabibu. Ni kweli, mimi si tabibu. Elimu yangu ni ya chuo cha Kurani na shule ya msingi, na umri wangu umepita hamsini. Lakini miaka hiyo imenifikisha katika nyumba nyingi za wagonjwa na katika makaburi mengi, na nimeona jambo ambalo daktari halioni, kwa kuwa yeye hukutana na mgonjwa mlangoni pa hospitali. Sisi hukutana naye kabla. Habari za kitabibu nitakazozitaja nimeelezwa na binti mmoja wa jamaa zetu aliye muuguzi, naye amenisahihisha mara tatu kabla sijasimama hapa.

Nitaanza na kosa langu mwenyewe, maana mwenye kutaka kuwaonya watu hana budi kuanza na nafsi yake.

Mwaka 2016, jioni moja ya masika, tulikuwa tumetoka katika sala ya Magharibi. Mvua ilikuwa imenyesha na njia ilikuwa na utelezi. Pikipiki ikateleza katika mteremko, dereva akaanguka upande mmoja na abiria wake upande wa pili, juu ya mawe. Abiria huyo alikuwa kijana wetu, aliyeoa miezi minne tu kabla. Tulipomfikia alikuwa macho. Alisema nasi, akauliza simu yake iko wapi, na mimi kwa macho yangu nilimwona akikunja mguu wa kushoto. Watu wakajaa, kila mtu akitoa amri yake. Nami, kwa kuwa ni mkubwa na sauti yangu husikika, nikasema: "Mwinueni haraka, tusipoteze wakati!" Wanne wakamshika mikono na miguu, kichwa chake kikaning'inia, wakampakia katika gari dogo lililokuwa limebeba magunia ya viazi. Akalazwa juu ya magunia hayo, na gari likarukaruka mpaka hospitalini.

Daktari alipokwisha kumpima aliniuliza swali moja: "Kabla hamjamwinua, alikuwa akichezesha miguu?" Nikajibu, ndiyo. Akanyamaza. Hakunilaumu. Alisema huenda uti wa mgongo ulikuwa umekwisha kuumia palepale juu ya mawe, na hapana mtu awezaye kujua kwa hakika. Lakini mimi niliuona mguu ule ukikunjika, na tangu jioni ile haukukunjika tena. Kijana huyo yu hai, alhamdulillahi. Amekaa hapa mbele, katika kiti chake cha magurudumu, na ni yeye mwenyewe aliyeniambia: "Sheikh, liseme, lipate kumfaa mwingine." Sote tulikuwa na huruma siku ile. Hapakuwa na hata mmoja aliyekuwa na ujuzi.

Baada ya hayo nikaanza kuuliza, na nikafahamishwa kuwa saa ile ya kwanza ina elimu yake kamili, na wataalamu wake hukutana kama maulamaa wanavyokutana. Mkutano mmoja mkubwa hufanyika Brussels, mji mkuu wa Ubelgiji, aghalabu katika mwezi wa Machi, na desturi hiyo imekwisha kupita miaka arobaini. Aliyeuanzisha ni Profesa Jean-Louis Vincent. Maelfu ya madaktari na wauguzi huhudhuria kutoka mabara yote, na mazungumzo yao ni juu ya mambo mawili yaliyofungamana. La kwanza ni huduma ya dharura, yaani ya mtu aliyepatwa na ajali au maradhi ya ghafula. La pili ni utunzaji wa wagonjwa mahututi, yaani wale ambao pumzi yao, moyo wao au figo zao zimeshindwa kazi. Huulizana, mathalan: mgonjwa ambaye vijidudu vimemwenea katika damu atiwe maji kiasi gani mwilini? Mashine ya kupumulia isukume hewa kwa nguvu gani isije ikayaumiza mapafu? Na ni lini jamaa waambiwe kuwa mashine haimponyi tena mtu wao, bali yarefusha kufa kwake? Haya si maswali mepesi, na swali hili la mwisho hata sisi masheikh huulizwa.

Wala msidhani kuwa mambo haya ni ya watu wa Ulaya peke yao. Katika Tanzania, Hospitali ya Taifa Muhimbili ilifungua idara yake ya magonjwa ya dharura mwaka 2010, ikaanza pia kuwafundisha madaktari wa kazi hiyo. Shirikisho la Afrika la Tiba ya Dharura liliundwa mwaka 2009, na mkutano wake ulikuwa Accra mwaka 2012, Addis Ababa mwaka 2014 na Cairo mwaka 2016. Kisha, mwezi wa Novemba 2018, mkutano huo ulikuja Kigali, hapa kwetu Rwanda. Na mwezi wa Mei 2019, Baraza Kuu la Afya Duniani lilipokutana Geneva lilipitisha azimio la kuzitaka nchi zote ziimarishe huduma ya dharura. Shirika la Afya Duniani lakadiria kuwa zaidi ya nusu ya vifo katika nchi zenye kipato cha chini na cha kati hutokana na mambo ambayo huduma nzuri ya dharura ingeweza kuyakabili. Litafakarini neno hilo. Zaidi ya nusu!

Sasa nitawaambia asili ya elimu hii ya wagonjwa mahututi, kwa maana nilipoelezwa habari hiyo niliona kama naelezwa habari ya vijiji vyetu.

Mwaka 1952, mji wa Copenhagen, katika nchi ya Denmark, ulipatwa na tauni kubwa ya ugonjwa wa kupooza, ule ambao leo watoto wetu hupewa chanjo yake. Wagonjwa waliletwa kwa wingi katika hospitali ya Blegdam, na wengi wao walipooza hata misuli ya kupumulia. Mashine zilikuwa chache mno, tena dhaifu. Kati ya wagonjwa 31 wa awali waliotibiwa kwa mashine hizo, 27 walikufa. Ndipo akaitwa daktari mmoja wa usingizi, Bjørn Ibsen. Mnamo tarehe 27 Agosti alitibu msichana wa miaka kumi na miwili aliyekuwa karibu kukata roho. Lilifanywa tundu dogo katika koo, likatiwa bomba, na bomba likaungwa na mfuko wa mpira. Mfuko ukabanwa kwa mkono, hewa ikaingia. Ukaachiwa, hewa ikatoka. Msichana akaishi.

Lakini mfuko hauna budi kubanwa bila kukoma, na wagonjwa walikuwa makumi kwa makumi. Nani angeibana mifuko hiyo usiku na mchana? Waliitwa wanafunzi wa udaktari, na wapatao 1,500 wakaja kwa zamu. Kila mmoja aliketi kando ya kitanda akampumulia mtu asiyemjua, na saa zake zilipokwisha akampokeza mwenziwe. Ikawa hivyo wiki baada ya wiki, na vifo vikapungua sana. Kutokana na hayo, mwezi wa Desemba 1953, Ibsen akafungua katika mji huohuo chumba cha wagonjwa mahututi kinachohesabiwa kuwa cha kwanza cha namna yake. Vyumba vyote vya namna hiyo vyenye mitambo na taa nyingi vilianzia katika mikono ya vijana waliokubali kushika zamu.

Niliposikia hayo nikakumbuka ingobyi. Wazee waliopo hapa waijua vema. Ni machela ya kusukwa yenye miti miwili, na mgonjwa au mama aliyeshikwa na uchungu hulazwa humo akabebwa begani na watu wanne kupanda na kushuka milima, na wengine wanne hufuata nyuma ili kuwapokea wakichoka. Jirani zetu wa Kigezi, katika Uganda, huiita engozi, nao waliunda vyama vyake, kila nyumba ikatoa mchango na kila mwanamume akawa na zamu. Tena katika Kinyarwanda neno ingobyi ni jina pia la ngozi ambayo mama humbebea mtoto mgongoni. Basi wazee wetu walimwona mgonjwa kuwa ni mtoto wa kijiji kizima, na kijiji kikambeba. Na aliyelazwa katika ingobyi hakuning'inia kichwa kama kijana wetu alivyoning'inia mikononi mwetu. Tulikuwa na elimu hiyo, tukaiacha siku tulipopata magari.

Simaanishi kuwa magari hayana faida. Serikali yetu imefanya mengi. Tangu mwaka 2007 iko huduma ya kitaifa ya magari ya wagonjwa, iitwayo SAMU, na namba yake ya simu ni 912. Gari lenyewe katika Kinyarwanda huitwa imbangukiragutabara, yaani kile kiendacho mbio kuokoa. Mwaka 2013 yalianza mafunzo ya madaktari bingwa wa dharura katika Chuo Kikuu cha Rwanda, na mwaka 2018 wakahitimu wa kwanza. Tangu mwezi wa Oktoba 2016 ndege ndogo zisizo na rubani, zikiondokea Muhanga, zimekuwa zikipeleka damu mahospitalini juu ya milima yetu.

Tena mwaka 2024 dunia nzima iliona kazi ya wauguzi na madaktari wetu. Tarehe 27 Septemba ilitangazwa kuwa maradhi ya Marburg yameingia nchini, maradhi ambayo katika miripuko mingine yaliwahi kuua hata watu 88 katika kila 100 walioyapata. Waliougua walikuwa 66, na wengi wao walikuwa watumishi wa afya, hasa wale wa vyumba vya wagonjwa mahututi katika Kigali, walioambukizwa wakiwahudumia wengine. Walikufa 15, Mwenyezi Mungu awafariji jamaa zao, na 51 wakapona. Wawili kati ya waliopona walikuwa wamefikia kupumuliwa na mashine, kisha wakatolewa mashineni wakiwa hai, jambo ambalo Shirika la Afya Duniani lilisema halikuwahi kutokea katika Afrika kwa ugonjwa huo. Tarehe 20 Desemba mripuko ukatangazwa kuwa umekwisha. Mtu asiwaambie tena kuwa chumba cha mahututi ni chumba cha kungojea kifo.

Lakini, ndugu zangu, daktari hodari kuliko wote hawezi kumrudishia damu mtu aliyefika kwake imekwisha kumtoka yote. Wala gari halipiti mahali pasipopitika. Mwakumbuka usiku wa kuamkia tarehe 3 Mei 2023, Sebeya ilipofurika na milima ikaporomoka. Katika Rwanda walikufa watu zaidi ya 130, na wilaya yetu ya Rubavu ilikuwa miongoni mwa zilizopatwa zaidi. Usiku ule, katika giza na matope, aliyemtoa mtu chini ya ukuta alikuwa ni jirani yake. Ndiyo maana nasema saa ya kwanza ni ya jirani. Tupende tusipende, ni yetu. Lililo katika hiari yetu ni kuikabili kwa ujuzi au kwa kelele.

Nimesikia hoja za watu, nami nitazijibu.

Mmoja husema: "Siku yake ikifika, imefika." Ni kweli, lakini nani kakuonyesha daftari ukajua kuwa ni leo? Mnaijua habari ya yule mbedui aliyeulizwa juu ya ngamia wake, na jibu alilopewa. Kufunga kamba ni kazi yetu, na yaliyobaki ni ya Mwenyezi Mungu. Na aya ya 32 ya Suratul-Maida sina haja ya kuwasomea, kwa kuwa kila mtoto wa madrasa hapa ajua yasema nini juu ya mwenye kuiokoa nafsi moja.

Wa pili husema: "Naogopa kumgusa mwanamke asiye maharimu wangu," au mwanamke husema hivyo juu ya mwanamume. Ndugu yangu, neno hili dharura ambalo madaktari wanalitumia, sisi tulilijua vyuoni kabla ya kulisikia hospitalini. Wanavyuoni wetu wamekwisha kutufundisha kuwa dharura huruhusu lile lisiloruhusiwa wakati wa raha, kwa kadiri ya haja yenyewe. Mtu anayetokwa na damu ni dharura. Mzuie damu kwanza, kisha njoo uniulize.

Wa tatu husema: "Naogopa maradhi yaliyo katika damu." Huyu ana haki. Yaliyowapata wauguzi wetu mwaka 2024 yametufundisha kuwa huruma bila kinga huleta mgonjwa wa pili. Vaa glavu, usipokuwa nazo, vaa mfuko wa plastiki mkononi, kisha unawe kwa sabuni.

Basi tufanye nini? Yapo mambo machache ambayo hata mtoto wa darasa la sita aweza kuyashika.

La kwanza, tazama pale mahali kama pana salama, gari lingine lisije likakugonga wewe. Kisha mtu mmoja, mwenye kutajwa kwa jina, apige 912. Ukisema "pigeni simu" bila kumtaja mtu, kila mmoja atadhani mwenziwe amepiga. Aseme kijiji, njia, na alama ya mahali, wala asikate simu mpaka aambiwe.

La pili, damu ikitoka kwa wingi, weka kitambaa safi juu ya jeraha ukandamize kwa nguvu, bila kufunuafunua kutazama kama imekoma. Kitambaa kikilowa, ongeza kingine juu yake.

La tatu, aliyeanguka kutoka juu au aliyegongwa asiinuliwe wala kuketishwa, ila ikiwa pana moto, maji au hatari nyingine. Mtu mmoja apige magoti, ashike kichwa chake kwa mikono miwili kisigeuke, na amfunike nguo asipate baridi. Ikiwa hapana budi kumhamisha, alazwe juu ya ubao au machela, watu wamwinue kwa neno moja, mwili na kichwa pamoja.

La nne, mtu aliyezimia asinyweshwe maji wala uji, kwani vitaingia katika mapafu. Ikiwa anapumua na hakupata ajali, alazwe ubavu. Ikiwa hajibu wala hapumui, kifua chake kikandamizwe katikati kwa viganja viwili, mara 100 hadi 120 kwa dakika, na wanaokandamiza wapokezane, kama vijana wa Copenhagen na kama wabebaji wa ingobyi, mpaka msaada ufike.

La tano, aliyeungua moto apozwe kwa maji safi yanayotiririka muda wa dakika 20. Asipakwe siagi, wala dawa ya meno, wala majivu.

Naliweka la sita kwa ajili ya wazee wenzangu: mtu akipinda uso ghafula, au mkono mmoja ukamlegea, au maneno yakamvurugika, hilo si jini wala si uchovu. Huenda ni kiharusi. Msiniletee kwanza nimsomee. Mpelekeni hospitali mara moja, nami nitamsomea dua huku mkiwa njiani.

Bwana Mwenyekiti, sasa nafika kwenye ombi langu, na najua halitampendeza kila mtu. Jumuiya hii imeweka akiba kwa miaka miwili ili kujenga lango jipya la msikiti. Mimi mwenyewe nilikuwa wa kwanza kulitaka lango hilo, na nilichagua hata rangi yake. Leo naomba lingoje mwaka mmoja. Naomba sehemu ya akiba hiyo inunue machela mbili imara, glavu, vitambaa vya kufungia majeraha na taa za usiku. Naomba vijana 24 wachaguliwe, wanaume kwa wanawake, kwa kuwa mama mwenye uchungu ataona haya kubebwa na wanaume peke yao. Wasiwe Waislamu tu; jirani ni jirani. Tuwaombe wauguzi wa kituo cha afya na watu wa Msalaba Mwekundu wa Rwanda wawafunze, na kila mwezi baada ya umuganda wajizoeze hadharani, ili hata watoto waone na kujua. Washirikiane na wajumbe wa afya wa vijiji vyetu, wala wasijifanye madaktari. Wawekewe zamu, na orodha ya zamu ibandikwe mlangoni, na namba 912 iandikwe juu yake kwa tarakimu kubwa. Na lango letu la zamani, lililopinda kama mnavyoliona, nitaliingia kwa furaha mwaka mzima.

Huo ndio ukumbusho ninaoutaka. Waanzilishi wa Jumuiya hii walichanga ili maiti wa maskini apate sanda na kaburi, nasi twawaombea kwa hilo. Tuongeze mchango wa kumfaa yule asiye maiti bado.

Namalizia kwa kukugeukia wewe, mwanangu uliyekaa hapa mbele. Jioni ile nilikuwa na sauti kubwa na elimu ndogo. Sikuweza kuurudisha mguu wako. Umenisamehe kwa maneno, na leo umenisamehe mbele ya watu. Umeniambia kuwa wataka kuwa wewe mwenye kupokea simu za vijana hao na kuwapanga, kwa kuwa kazi hiyo yataka kichwa kitulivu wala haitaki miguu. Bwana Mwenyekiti, jina la kwanza katika orodha tumekwisha kulipata. Yamebaki ishirini na matatu.

Mwenyezi Mungu awape afya wagonjwa wetu, awarehemu waliotutangulia, awalinde wauguzi na madaktari, na aifanye mikono yetu iwe ya msaada na si ya madhara. Amin.

Wassalamu alaikum warahmatullahi wabarakatuh.